Kijiti cha uzazi wa mpango: maswali yanayorudi kila mara Mtwara na Lindi

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa kwenye mabenchi ya kliniki za mama na mtoto, kuanzia Kilwa hadi Nanyumbu. Kusini tunatumia sana uzazi wa mpango. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 uliiweka Lindi miongoni mwa mikoa iliyoongoza nchini kwa njia za kisasa. Tatizo tunaloliona ni kwamba siku ya kuwekewa, mwanamke huelezwa mengi kuhusu kuzuia mimba na machache sana kuhusu kutoa. Kwa hiyo ukurasa huu umekaa zaidi upande wa kutoa. Mahali ambapo jibu limeshatolewa, tumetaja namba ya swali.

## Kijiti chenyewe

1. Kijiti ni nini, na kinazuiaje mimba?

Ni kifimbo laini cha plastiki, kirefu kama sentimita 4 na chembamba kama njiti ya kiberiti, kinachowekwa chini tu ya ngozi, upande wa ndani wa mkono wa juu. Wengi wanakiita njiti. Kwenye kadi utakuta kimeandikwa kipandikizi. Ndani yake kuna homoni ya aina ya projestini inayotoka kidogo kidogo kila siku. Homoni hiyo inafanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, mbegu za mwanaume zisipite, na mara nyingi inazuia yai lisipevuke.

Hakina estrojeni, homoni nyingine iliyo kwenye vidonge vingi vya majira. Ndiyo maana kinaruhusiwa kwa mama anayenyonyesha na kwa wengi wenye shinikizo la damu ambao vidonge vya kawaida vya majira haviwafai. Hakikingi Ukimwi, kaswende wala kisonono. Kwa hayo kondomu inabaki palepale.

2. Nimewekewa kimoja, dada yangu ana viwili. Nani kapunjwa?

Hakuna aliyepunjwa, ni aina tofauti. Implanon NXT ni kijiti kimoja chenye miligramu 68 za etonojestreli na kinahesabiwa miaka 3. Jadelle ni viwili, kila kimoja kina miligramu 75 za levonojestreli, na vinahesabiwa miaka 5. Ipo pia Levoplant, nayo ni viwili, lakini muda wake kwenye lebo ni miaka 3.

Hapo ndipo watu wanapokosea. "Vina viwili, basi miaka mitano" si hesabu ya kuaminika. Angalia jina na tarehe kwenye kadi yako. Kama kadi haina jina la kijiti, mwombe mhudumu aliandike kabla hujanyanyuka kwenye kiti. Na kama una kilo 80 au zaidi na una Jadelle, jadili na mhudumu kuhusu kubadilisha ukimaliza mwaka wa 4, kwa sababu nguvu yake inaweza kupungua baada ya hapo.

3. Kinaweza kushindwa?

Mara chache mno. Kati ya wanawake 1,000 wanaotumia kwa mwaka wa kwanza, takribani 1 hupata mimba. Kwa sindano ya miezi mitatu, jinsi watu wanavyoitumia kwa kawaida, ni kama 4 kati ya 100, na kwa vidonge kama 7 kati ya 100. Tofauti haitokani na ubora wa dawa peke yake. Kijiti hakisahauliki, wala hakikusubirishi foleni kila miezi mitatu.

Kinaposhindwa, sababu huwa ni mojawapo ya hizi: mwanamke alikuwa tayari na mimba changa siku anawekewa, muda umeisha na hakurudi, anatumia dawa zinazopunguza homoni (swali la 13), au kijiti hakikuingia kabisa, kilibaki kwenye kifaa cha kuwekea. Hili la mwisho linazuilika kwa sekunde chache: kabla ya plasta, mhudumu akipapase, nawe ukipapase kwa kidole chako.

4. Nani hapaswi kuwekewa?

Mwenye saratani ya titi, au aliyewahi kuwa nayo. Mwenye ugonjwa mkali wa ini au uvimbe kwenye ini. Mwenye damu inayotoka ukeni bila sababu kujulikana; huyo achunguzwe kwanza. Mwenye damu iliyoganda sasa hivi kwenye mshipa wa ndani wa mguu au kwenye mapafu pia apewe njia nyingine. Na mjamzito, bila shaka.

Kutokuwa na mtoto si kizuizi. Msichana ambaye hajazaa anaweza kuwekewa, na kijiti hakimfungi kizazi (swali la 19). Uvutaji sigara, kisukari, malaria, sikoseli na virusi vya Ukimwi havimnyimi mtu kijiti.

## Siku ya kuwekewa

5. Lazima niwe kwenye siku zangu?

Hapana. Hili limewarudisha nyumbani wanawake wengi bila sababu. Ukiwa ndani ya siku 5 za mwanzo wa hedhi, kinafanya kazi mara moja. Siku nyingine yoyote unaweza kuwekewa, mradi kuna uhakika wa kutosha kwamba huna mimba, kwa maswali ya mhudumu au kwa kipimo cha mkojo. Tofauti ni moja tu: kwa siku 7 za kwanza utumie kondomu au msikutane. Baada ya mimba kuharibika unaweza kuwekewa siku hiyohiyo.

6. Wanafanya nini hasa, na inauma?

Unalala, mkono usioutumia sana unakunjwa kwenye kiwiko, kiganja kikielekea kichwani. Kwa anayetumia mkono wa kulia ni mkono wa kushoto. Mhudumu anapima sentimita 8 hadi 10 kutoka kwenye mfupa wa ndani wa kiwiko, anasafisha kwa dawa, anachoma ganzi. Ganzi ndiyo inayouma, kama sindano nyingine. Baada ya hapo unahisi kusukumwa tu. Implanon NXT inakuja ikiwa ndani ya kifaa chake cha kutumia mara moja. Jadelle hupitishwa kwa bomba lenye ncha, na vijiti viwili vinakaa kama herufi V. Hakuna kushona. Kazi yote huchukua dakika chache.

Kinatakiwa kukaa juu juu, chini tu ya ngozi. Kikizamishwa kwenye nyama, siku ya kutoa ndiyo kilio kinapoanza. Mhudumu mzuri huinua ngozi kwa ncha ya kifaa wakati anasukuma, na utaona ngozi ikitutumka.

7. Nitunzeje mkono? Shamba linaningoja.

Unaweza kurudi kwenye shughuli siku hiyohiyo. Sehemu ile isilowe kwa siku 4. Bendeji ya juu itolewe baada ya siku 2, plasta ndogo ya ndani baada ya siku 5. Kwa siku mbili tatu ndoo ya maji na gunia la korosho vibebwe kwa mkono mwingine au na mtu mwingine, na mtoto asilalie upande huo. Kuvimba kidogo na alama ya bluu ni kawaida kwa siku kadhaa.

Usaha, joto, wekundu unaoenea, maumivu yanayozidi, homa, au kijiti kuanza kuchungulia: rudi kituoni hapo hapo. Usiweke majani, mafuta ya nazi wala unga wa kidonge kwenye kidonda.

8. Nimejifungua juzi na ninanyonyesha. Nisubiri siku arobaini?

Kwa upande wa kitabibu huna haja ya kusubiri. Kijiti kinaweza kuwekwa hata kabla hujaruhusiwa kutoka wodi ya wazazi. Hakikaushi maziwa na hakimdhuru mtoto. Wengi wetu tunakaa arobaini bila kukutana na mume, na hilo halipingani na kijiti. Kinachotokea ni kwamba siku ya 41 mama yuko shambani Nachingwea na kituo kiko mbali, kisha mimba inaingia kabla hedhi haijarudi.

## Damu na mabadiliko mengine

9. Damu haikatiki. Kijiti kimenikataa?

Hili ndilo swali namba moja, na ndiyo sababu kubwa ya wanawake kutoa mapema. Mwenye kijiti hapati hedhi kama ya zamani. Homoni hufanya ukuta wa ndani wa kizazi uwe mwembamba na usio imara, hivyo unamwaga damu kidogo kidogo bila ratiba. Kwa kijiti kimoja, takribani mwanamke 1 kati ya 5 haoni damu kabisa, karibu theluthi moja huona mara chache, na kama 1 kati ya 6 hutokwa damu siku nyingi mfululizo. Miezi 3 ya mwanzo hutoa picha ya mbele, lakini haifungi mlango: kati ya wanaoanza vibaya, karibu nusu hupata nafuu baadaye.

Damu hiyo si uchafu unaotoka wala si dalili ya kizazi kuoza. Lakini inachosha, inamaliza vitambaa na sabuni, inaleta ugomvi ndani, na inaweza kupunguza damu mwilini. Mhudumu anayekujibu "utazoea" na kukuondoa hajakuhudumia.

Kuna dawa. Ya kwanza ni ibuprofeni miligramu 800 mara 3 kwa siku, baada ya kula, kwa siku 5. Haifai kwa mwenye vidonda vya tumbo. Kama haikusaidia, kipo kidonge cha majira chenye homoni mbili, kimoja kila siku kwa siku 21, kwa asiye na shinikizo la damu, asiyenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6 na asiye na kipandauso kikali. Zote zianze kituoni, si dukani kwa kubahatisha, kwa sababu kwanza inapaswa kuangaliwa kama kuna mimba, maambukizi au tatizo la mlango wa kizazi. Dawa zinakata damu kwa muda. Inaweza kurudi, na zinaweza kurudiwa.

Pamoja na hayo ongeza damu: dagaa, mbaazi, kunde, kisamvu, na vidonge vya madini ya chuma ukipimwa na kukutwa nayo kidogo. Ukilowesha kitambaa kila saa moja au mbili, ukiona kizunguzungu au moyo kwenda mbio, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na kama umejaribu na umechoka, kuchoka ni sababu tosha. Soma swali la 14.

10. Sioni siku zangu miezi sita. Damu inakwenda wapi?

Haiendi popote kwa sababu haikutengenezwa. Ukuta wa kizazi umebaki mwembamba, hakuna cha kumwaga. Damu haijai tumboni, haipandi kichwani, haigeuki uvimbe. Kwa mwenye upungufu wa damu hii ni nafuu. Ukiwa na kichefuchefu, matiti kuuma au wasiwasi tu, pima mkojo.

11. Matone haya yananitia shaka kwenye swala na funga. Nifanyeje?

Kitabibu, matone ya kijiti si hedhi ya mzunguko wa kawaida. Kidini, fiqhi inatofautisha hedhi na istihadha, damu ya nje ya hedhi ambayo haimzuii mwanamke kusali wala kufunga, akijitwaharisha inavyotakiwa. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani yetu, hedhi haizidi siku 15. Lakini kuhesabu siku zako wewe kunahitaji mwenye elimu. Andika tarehe kwenye daftari, damu ilipoanza na ilipokatika, kisha mpelekee ustadhi au bi mkubwa mnayemwamini. Akiwa na tarehe mbele yake atakujibu vizuri kuliko ukimwambia "inatoka toka". Daftari hilohilo litamsaidia nesi.

Kama unataka kutoa kijiti kwa ajili ya utulivu wa ibada, hiyo pia ni sababu halali. Usiionee haya.

12. Kunenepa, kichwa kuuma, hasira, hamu kupungua, kansa. Vipi ni vya kweli?

Kichwa kuuma, chunusi, matiti kujaa, kubadilika kwa uzito na hisia kwenda juu chini hutokea kwa baadhi, na mara nyingi hupungua. Hamu ya tendo hupungua kwa wachache. Wengine huongezeka kwa sababu hofu ya mimba imeondoka. Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya HPV, si kijiti.

Kichwa kikali cha upande mmoja chenye kuona miali au giza, macho kuwa ya njano, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana: hayo si ya kuvumilia. Nenda hospitali.

13. Natumia dawa za virusi, za TB au za kifafa. Kijiti kitafanya kazi?

Inategemea dawa. Efavirenzi, iliyokuwa kwenye mchanganyiko wa ARV wa zamani, inapunguza sana homoni ya kijiti. Dolutegraviri, iliyopo kwenye kidonge kinachotumiwa na wengi sasa, haina shida hiyo. Rifampisini ya TB inapunguza. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitali za kifafa zinapunguza.

Usitoe kijiti kwa sababu hiyo peke yake, na usiache dawa. Ongeza kondomu, au uhamie sindano ya miezi mitatu au kitanzi, ambavyo haviguswi na dawa hizi. Kwa TB ya kawaida, tiba ni miezi 6. Rifampisini ikiisha, endelea na kondomu kwa mwezi mmoja zaidi. Muhimu ni kumtajia anayekuwekea kila kidonge unachomeza. Ukiona aibu kusema mbele ya watu, omba chumba.

## Kutoa

14. Naweza kutoa kabla ya muda? Lazima nitoe sababu, au niende na mume?

Unaweza kutoa siku yoyote, hata wiki ya pili. Sababu si sharti. Nesi anaweza kukuuliza, na ni vizuri aulize, kwa sababu huenda shida yako ina dawa (swali la 9). Akishakusikia na bado unataka kutoa, kazi yake ni kutoa. Miaka 3 au 5 ni kikomo cha kijiti. Si kifungo cha mwanamke.

Mwongozo wa taifa wa uzazi wa mpango haudai ridhaa ya mume, si kwa kuweka wala kwa kutoa. Kumshirikisha ni jambo jema pale penye amani. Pale ambapo yeye ndiye anayekusukuma utoe na wewe hutaki, mwambie mhudumu mkiwa wawili. Kuna njia nyingine ambayo haionekani mkononi.

15. Natoa wapi, na kwa shilingi ngapi?

Kituo chochote cha serikali chenye mtoa huduma aliyefunzwa kutoa. Huduma za uzazi wa mpango kwenye vituo vya serikali ni bure, na kutoa ni sehemu ya huduma hiyo. Si lazima kurudi ulikowekewa: kijiti cha Tandahimba kinatolewa Ruangwa. Vituo binafsi hutoza wanavyopanga. Baadhi ya hospitali za mashirika ya dini hazitoi huduma hii, uliza kabla ya kupanda boda.

Wengi wamewekewa na timu ya huduma mkoba iliyokuja kijijini siku moja ikaondoka. Kama ni wewe, anza na zahanati yako. Uliza siku ambayo aliyefunzwa yupo, chukua namba ya simu ya kituo, piga kabla ya kutoka. Na panga kwa kalenda ya huku: masika barabara ya Liwale ikiharibika, au Oktoba hadi Desemba mikono yote ikiwa kwenye korosho, muda wako usije ukaisha katikati. Nenda mwezi mmoja kabla.

16. Wanatoaje?

Unalala kama siku ya kwanza. Mhudumu anapapasa kijiti, anaweka alama kwenye ncha iliyo karibu na kiwiko, anasafisha. Ganzi kidogo, kama nusu mililita hadi moja, inachomwa chini ya ncha hiyo. Ikichomwa juu yake au ikiwa nyingi, ngozi inavimba na kijiti kinapotea kidoleni. Kisha anabonyeza ncha ya juu ili ya chini ijitokeze, anachana milimita 2 hadi 4, na kukisukuma kitoke au kukikamata kwa koleo dogo. Mwili huwa umekizungushia utando mweupe, hivyo mara nyingine inabidi aukwangue kwanza. Kijiti kilichowekwa juu juu hutoka ndani ya dakika 5 hadi 10.

Omba kukiona. Hesabu: kimoja au viwili, na kila kimoja kiwe kizima, kama sentimita 4. Kidonda kinafungwa kwa plasta bila kushonwa, na utunzaji ni ule wa swali la 7.

Ikipita nusu saa kinatafutwa na hakitoki, ni sahihi mhudumu aache, afunge, akupe rufaa. Kung'ang'ania ndiko kunakojeruhi mishipa ya fahamu.

17. Nesi ananiambia "rudi wiki ijayo" kila nikienda. Nina haki gani?

Kwanza jua sababu, kwa sababu haziko sawa. Kama aliyefunzwa hayupo, au hakuna ganzi au wembe wa upasuaji, hilo ni upungufu wa kituo: akuandikie rufaa yenye jina la kituo kinachotoa, badala ya kukurudisha nyumbani mikono mitupu. Kama anakataa kwa kuwa "muda haujafika", "utaharibu takwimu" au "umzae tena huyo mtoto umlee na nini", hilo si jibu la kitabibu.

Mwone mganga mfawidhi wa kituo. Isipotatuka, kila halmashauri ina mratibu wa huduma za afya ya uzazi na mtoto, anayepatikana ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Wizara ya Afya ina namba ya bure 199. Taja tarehe ulizokwenda na ulichoambiwa.

Tunalisisitiza hili kwa uchungu. Mwanamke mmoja akizungushwa mara tatu, mtaa mzima unasikia kwamba kijiti kikiingia hakitoki, na hakuna redio itakayofuta neno hilo.

18. Jirani yangu anatoa kwa wembe nyumbani. Kuna shida?

Kuna shida kubwa. Kwenye eneo hilo hilo la mkono hupita mishipa ya damu na ya fahamu. Bila ganzi utashtuka, wembe utazama. Kijiti kinakatika, kipande kinabaki, na hujui kama bado kinatoa homoni. Wembe uliokwisha tumika huleta pepopunda, homa ya ini na virusi vya Ukimwi. Kama umeshajaribu, usijifiche: nenda kituoni, sema kilichofanyika, upate sindano ya pepopunda na kidonda kisafishwe. Kituo kikikukataa, njia ni ile ya swali la 17.

19. Nikitoa nitapata mimba baada ya muda gani?

Haraka. Homoni ya kijiti kimoja huwa haipatikani tena kwenye damu ndani ya wiki moja, na wengi hupevusha yai ndani ya wiki chache. Hakuna "kusafisha kizazi" kunakohitajika. Dawa za kienyeji za kusafisha usinywe, baadhi zinaunguza figo na ini. Unayetafuta mtoto, anza vidonge vya foliki asidi mara moja.

Wanaosema walikaa mwaka mzima mara nyingi walitoka kwenye sindano, ambayo ndiyo inayochelewesha, kwa wastani miezi 4 zaidi ya njia nyingine. Kama umekutana na mume bila kinga mara kwa mara kwa miezi 12 baada ya kutoa kijiti na hakuna mimba, mchunguzwe wote wawili. Kama una zaidi ya miaka 35, nendeni baada ya miezi 6. Mume asibaki nyumbani, nusu ya kipimo ni yake.

20. Nimetoa, lakini mtoto sitaki bado.

Anza njia nyingine kabla ya kutoka chumbani. Kinga huondoka na kijiti, na mimba inaweza kuingia kabla hujaona hedhi hata moja. Kijiti kipya kinaweza kuwekwa dakika hiyohiyo kupitia tundu lilelile, au mkono wa pili. Kama kilichotolewa kilikuwa bado ndani ya muda wake, sindano, kidonge au kijiti kipya kikianza siku ileile, huhitaji siku 7 za kondomu.

## Mambo yasiyo ya kawaida

21. Kadi imepotea, sikumbuki mwaka.

Tafuta alama: mtoto yupi alikuwa mgongoni, msimu gani, kituo gani. Kituo kina rejesta yenye jina, tarehe na aina, na inaweza kufukuliwa. Kama ni kimoja na unahisi miaka 3 imepita, tumia kondomu kuanzia leo hadi ubadilishiwe. Kijiti kilichopitiliza si sumu na hakiozi mwilini, kwa hiyo usikimbie usiku. Ila kinga yake huwezi kuitegemea.

Ukipata kadi mpya, ipige picha kwa simu, na andika tarehe ya mwisho nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto.

22. Nikipapasa sikisikii. Kimetembea kwenda moyoni?

Karibu mara zote kipo mkononi, ila kilizamishwa au umenenepa. Kusogea kwa sentimita moja au mbili hutokea. Kuingia kwenye mshipa wa damu na kufika mbali kumewahi kuripotiwa, lakini ni nadra mno, na husababishwa na kuchomwa ndani sana siku ya kwanza.

Tumia kondomu mpaka kionekane. Kisipopapasika, mtu yeyote asikukate kukitafuta. Kwanza picha. Implanon NXT inaonekana kwenye eksirei na kwenye altrasaundi inayoangalia karibu na ngozi. Kwa Jadelle tegemea altrasaundi. Omba rufaa ya hospitali ya wilaya au ya mkoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi. Kikishaonekana, anayekitoa awe daktari aliyezoea vijiti vilivyozama.

23. Nimepima, nina mimba na kijiti kipo.

Nenda hospitali mapema, si kliniki ya mwezi ujao. Mimba chache zinazoingia mtu akiwa na kijiti zina uwezekano mkubwa zaidi wa kutunga nje ya kizazi. Maumivu makali ya upande mmoja chini ya kitovu, kuzimia, au maumivu ya bega pamoja na damu ni dharura ya saa hiyohiyo. Altrasaundi ikionyesha mimba iko ndani ya kizazi, kijiti kinatolewa. Hakijulikani kumdhuru mtoto.

24. Kijiti kimeanza kutoka chenyewe, au kimepinda.

Kikitokeza, usikisukume ndani. Funika kwa kitambaa safi, nenda. Kinatolewa, na kama hakuna maambukizi kipya kinawekwa kwenye mkono mwingine. Kama vilikuwa viwili na kimoja kimetoka, kilichobaki peke yake hakikukingi. Kikipinda au kuvunjika ndani baada ya kuanguka au kupigwa, homoni kwa kawaida huendelea kutoka, lakini kikaguliwe, kwa sababu vipande vinafanya kutoa kuwe kugumu.

25. Sitaki kijulikane nyumbani. Kinaonekana?

Kwa mwembamba kinaweza kuonekana kama mstari, na anayekushika mkono atakisikia. Kovu ni dogo, la milimita chache. Plasta ya siku tano ndiyo inayouliza maswali zaidi. Mwombe mhudumu kadi ibaki kituoni, na usiandikiwe ujumbe wa kukumbusha kwenye simu mnayotumia pamoja. Kama kugundulika kunaweza kukuletea kipigo, mwambie mhudumu waziwazi. Sindano haiachi kitu cha kupapasa, na kitanzi hakionekani mwilini. Kipigo chenyewe kina dawati lake la jinsia polisi, hata kama hujaamua kushtaki.